Mwaka Nilipoinyamazisha Kompyuta

Nianze na ujinga wangu, ili msomaji asije akadhani nauficha: niliinyamazisha kompyuta kwa sababu ilikuwa inaniaibisha mbele ya mwanamke. Sikuivunja. Sikuimwagia chai, ingawa chai tulikunywa kando yake kila siku, chini ya karatasi iliyobandikwa ukutani kutukataza. Niliandika mistari miwili tu ndani ya faili dogo ambalo jina lake huanza na nukta, faili ambalo ukiorodhesha yaliyomo hulioni mpaka uliulizie kwa makusudi. Mistari hiyo miwili ikamtoa kazini mtu ambaye mimi na yeye tulikuwa tunapakuliwa kutoka sufuria moja. Nimemzika Gichuru wiki tatu zilizopita, kule Murera. Nasema nimemzika kana kwamba nilishika sepetu. Ukweli ni kwamba nilisimama nyuma kabisa, karibu na choo, nikiwa nimeshikilia mwavuli wa mtu mwingine.

Mwaka ninaousema ni mmoja wa ile miaka ya tisini ambapo viwanda vya Thika vilikuwa vinahema kama mzee anayepanda ngazi. Chetu kilikuwa cha mablanketi. Sitakitaja jina, maana kilikufa zamani na hakiwezi kujitetea. Mimi nilikuwa karani, mwenye kidato cha nne na alama ambazo mpaka leo huzitaja kwa sauti ya chini. Nilipanga chumba Kiuu, mtaa wa pale pale Thika, katika ploti ya vyumba vilivyojipanga mkabala, mabati juu na mbao ubavuni, kuta zimebandikwa magazeti ya zamani hivi kwamba ukilala ubavu wa kushoto unasoma matangazo ya mbolea. Chumba changu kilikuwa katikati. Kushoto walikaa Gichuru, mkewe Mama Shiru na watoto wao wawili. Kulia alikaa Mama Halima, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Majengo ya Thika, aliyekuwa akiuza mandazi na kujua habari za watu wote bila kumuuliza mtu. Mbao zile hazikuwa na siri. Ukipiga chafya kwa Gichuru, Mama Halima alikuambia pole. Sikuwa na mke wala mpango wa mke. Nilikuwa na stovu ya mafuta ya taa, kiti kimoja na redio. Jumapili watu walipokwenda kanisani au kutembea, mimi nilibaki kulinda kitanda kisitoroke. Mama Halima alikuwa akiniambia, "Karani, wewe siku ukikufa tutajua tu kwa sababu redio imenyamaza."

Chakula nilikula kwa Gichuru. Ilianza kama ukarimu, ikawa desturi, mwishowe Mama Shiru akaninunulia sahani yangu, ya bati, yenye ua jekundu. Githeri yake, mahindi na maharagwe, aliipika na viazi na majani ya malenge, akaiponda kidogo ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Gichuru alikaa kwenye kitanda, mimi kwenye debe lililopinduliwa, watoto sakafuni. Kiwandani alifanya kazi sehemu ya rangi, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka karibu na viwiko, buluu iliyogoma sabuni, majivu na hata maji ya ndimu. Akichovya kidole kwenye chumvi, Shiru alipiga kelele, "Baba ametia chumvi rangi!" naye akamkimbiza na ile mikono hadi mlangoni. Nikiifikiria ile familia leo, uso wa mtu siukumbuki kwanza. Naikumbuka mikono.

Kiwandani tulikuwa na Mbugua wawili. Asiyejua desturi yetu ataona ajabu, lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndugu wawili wakioa, kila mmoja anamrudisha baba yao duniani, na kabla hujageuka boma lina akina Mbugua watatu wanaogombania baiskeli moja. Rafiki yangu alikuwa Mbugua Gichuru. Binamu yake, ambaye Gichuru mwenyewe alimwingiza kazini, alikuwa Mbugua Thuo. Sisi tuliwaita kwa majina ya baba zao, Gichuru na Thuo, mambo yakaisha. Kwenye kompyuta hayakuisha, kwa sababu kompyuta iliwaandika kwa jina la babu kwanza.

Hiyo kompyuta ilikaa katika ofisi ya afisa wa wafanyakazi, Bwana Ndegwa. Haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa skrini nyeusi na maandishi ya kijani, unaiandikia amri, inatii au inakataa. Kila mfanyakazi alikuwa na faili lake ndani ya folda moja. Fundi aliyeileta kutoka Nairobi, kijana mpole aitwaye Ochieng, alinifundisha kwa siku tatu, na kati ya yote aliyonifundisha lililonipendeza lilikuwa kitufe cha Tab. Unaandika herufi chache za mwanzo wa jina, unabonyeza Tab, mashine inalimalizia yenyewe. Niliona ni uchawi. Lakini uchawi huo ulikuwa na adabu zake: kama kuna majina mawili yenye mwanzo mmoja, mashine ilijaza mpaka pale yanapoachana, ikasimama, ikapiga bip. Maana yake ilikuwa, hapa sijui, niambie wewe. Sasa fikiria kiwanda ambacho nusu ya watu ni Kamau, Njoroge na Wanjiru. Ililia kutwa nzima kama kifaranga kilichopotezana na mama.

Katika ofisi hiyo pia kulikuwa na Wambui, katibu wa Bwana Ndegwa, mwenye taipureta iliyokwenda kama mvua juu ya mabati. Nilikuwa nimempenda kwa mbali, nao umbali wenyewe ulikuwa meza mbili. Kila bip iliposikika alisimamisha vidole, akaniangalia juu ya miwani. "Haiya, Macharia. Hata kompyuta imekukataa?" Na Bwana Ndegwa, nyuma ya mlango wake wa kioo: "Hiyo kitu inalia nini huko? Ina njaa?" Mtu mwenye akili angecheka nao. Mimi nilimwomba Ochieng dawa. Akaniambia tabia ya Tab inaweza kubadilishwa, akaniachia kitabu kinene cha maelezo, akasema nisome pole pole na nisiguse nisichokielewa. Nilisoma haraka na nikagusa.

Nakumbuka siku niliyokipata nilichokitafuta, maana nilikuwa juu ya debe langu, sahani ya ua jekundu magotini na kitabu wazi kando ya chumvi. Gichuru aliuliza, "Sasa hiyo ni Biblia ya nani?" Nikamweleza kwa majivuno yote ya mtu aliyeelewa ukurasa mmoja. Kuna mstari, nikamwambia, ukiuandika, Tab haisimami tena kukuuliza. Inachukua jina la kwanza katika orodha na kulijaza lote. Kama silo, unabonyeza tena, inaleta la pili. Na kuna mstari mwingine wa kuzima ile kelele kabisa. Gichuru alitafuna polepole, akifikiri. Hakuwa amesoma sana lakini alikuwa mtu wa rangi, na mtu wa rangi hujua kwamba kitambaa kikishaingia kwenye pipa hakirudi kuwa cheupe.

"Na ukisahau kubonyeza mara ya pili?"

"Siwezi kusahau."

"Siku moja tu. Una usingizi, ama huyo Wambui amepita."

"Gichuru, nimekuambia siwezi."

"Sawa, karani," alisema, akacheka, akamwambia mkewe aniongezee githeri.

Mistari ile niliiandika siku iliyofuata. Kwa mwezi mzima nilikuwa mfalme. Vidole vyangu viliruka, majina yalijaa yenyewe, ofisi ilikuwa kimya isipokuwa taipureta ya Wambui, ambaye hakuniangalia tena juu ya miwani kwa kuwa hakukuwa na sababu. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Halafu Alhamisi moja Bwana Ndegwa aliweka mbele yangu karatasi aliyoiandika kwa mkono. Watu wa kupunguzwa. Uvumi ulikuwa umezunguka tangu mvua za kwanza, watu wa mitambo walikuwa wakiamkiana kama walio msibani, kwa hiyo sikushtuka. "Nataka barua zote kabla ya chai ya saa kumi," alisema. Njia niliyoitumia ilikuwa rahisi: nilifungua folda mpya, nikahamishia humo mafaili ya wale waliotajwa, kisha mashine ikachapa barua kwa kila aliyekuwa ndani ya folda. Folda hiyo niliipa jina kwaheri. Niliona ni mzaha mzuri. Nilimwonyesha Wambui, akaanza kucheka, kisha akasoma karatasi ya Ndegwa na akarudi kwenye kiti chake.

Nilihamisha kwa kasi. Jicho kwenye karatasi, vidole kwenye vitufe: herufi chache, Tab, haya, kwaheri. Herufi chache, Tab, haya, kwaheri. Nilipofika kwa Mbugua nilifanya hivyo hivyo. Jina lote lilitokea kwenye skrini, la kijani, limeandikwa vizuri, kwa yeyote ambaye angejali kuliangalia. Zamani mashine ingesimama pale pale na kulia. Safari hii ilichukua wa kwanza, na kwa mpangilio wa herufi, kati ya Gichuru na Thuo wa kwanza ni Gichuru. Barua zikachapwa. Bwana Ndegwa akazitia sahihi huku ameshika simu kwa bega, akihesabu tu kama zimefika idadi yake. Zilifika.

Ijumaa mchana msimamizi alisimama kwenye ngazi za stoo akaita majina uani, na sisi wa ofisini tukatazama dirishani. Aliposema "Mbugua Gichuru," niliona Gichuru akigeuka kumtafuta mtu nyuma yake, kama watu wanavyofanya wanapopungiwa mkono na wasiyemjua. Akaenda akachukua. Nilishtuka, lakini naapa sikujua bado. Nilidhani ni mkono wa Ndegwa, nikamlaani Ndegwa moyoni, na jioni nikanunua nyama nusu kilo nikampelekea Mama Shiru kama rambirambi. Tulikula nyama hiyo. Shiru aliuliza kama ni Krismasi.

Jumatatu nilipokuwa nikihifadhi ile karatasi ya mkono, nikaisoma. Ndegwa alikuwa na mwandiko mzuri sana, siwezi kumlaumu. Aliandika Mbugua Thuo.

Kuna watu wanasema dunia iliwazunguka. Mimi haikunizunguka. Ilisimama tu, kila kitu mahali pake: kikombe, stapla, mgongo wa Wambui. Nikainuka nikaenda nikasimama kwenye mlango wa Bwana Ndegwa, karatasi mkononi.

"Ah, Macharia. Nilikuwa nataka kukuita. Zile barua zilikuwa safi. Mkurugenzi mwenyewe amesema, kazi bila kosa hata moja. Nikamwambia, kukiwa na kosa, huyo karani atafuata wenzake getini." Akacheka. "Ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nauliza kama nikuletee chai."

"Leta. Na sukari usisahau."

Nikaleta chai. Nimekaa na sentensi hiyo miaka mingi, na kila ninapoigeuza inabaki ile ile: nikaleta chai, na sukari sikusahau.

Adhuhuri hiyo nilifungua lile faili la nukta na kufuta mistari yote miwili. Mashine ikaanza kulia tena. Wambui akasema bila kugeuka, "Afadhali. Nilikuwa nimeizoea." Nikajitengenezea sababu, kwa maana kazi hiyo niliiweza bila kitabu. Mke wa Thuo alikuwa amejifungua pacha. Nikimrudisha Gichuru, ninawatupa nje watoto wachanga. Gichuru ni mwerevu, atapata kazi kwingine. Nikifukuzwa mimi, nani atamsaidia? Zote zilikuwa sababu nzuri. Ukizipanga vizuri huoni kwamba zote zinaishia kwangu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Katikati ya wiki hiyo, jua likiwa linatua, Thuo alikuja kwenye ploti. Nilimjua kwa viatu vyake vinavyoburuta. Aliingia kwa Gichuru, mlango ukafungwa, na kupitia mbao nikamsikia akianza, "Baba Shiru, hata sijui nianze wapi." Kisha sauti ya mtu mzima ikikatika. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi juu ya ugali wa mtu mmoja. Ningeweza kusikia kila neno. Ndivyo ile ploti ilivyojengwa. Nikaenda nikapandisha redio. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari, na nilisikiliza bei ya kahawa kwa umakini ambao sijawahi kuupa bei ya kitu chochote. Thuo alipotoka nilipunguza.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa nyumbani kweli kweli. Nilianza kula kwangu, nikasema tumbo linanisumbua na maharagwe. Mama Shiru alileta sahani ya ua jekundu mpaka mlangoni siku chache, halafu hakukuwa na cha kuleta. Niliangalia mikono ya Gichuru. Hilo sikuweza kuliepuka, tulichota maji kwenye mfereji mmoja. Wiki ya pili buluu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye vifundo. Mwezi wa pili ilibaki kwenye kucha na katika mistari ya viganja. Mwezi wa tatu alinionyesha mikono, akiigeuza-geuza. "Ona, karani. Hata nyumbani hawatanijua." Ilikuwa safi kama mikono ya padri. Mwezi huo watoto walitolewa shuleni na Mama Shiru akawapeleka kwa nyanya yao Murang'a, na Gichuru akaenda kukata mawe kwenye machimbo upande wa Juja. Hakuwa amezoea patasi. Kabla mwaka haujaisha kipande cha jiwe kilimtoa jicho la kushoto, na vumbi likaanza ile kazi ya kifuani ambayo limeimaliza mwaka huu.

Msomaji atauliza Thuo alifaidika vipi. Kiwanda kilifungwa chote baada ya miezi kumi na nne. Tulitoka pamoja siku moja: Thuo, mimi, Wambui, hata Bwana Ndegwa na mwandiko wake mzuri. Kompyuta ilibebwa kwenye pikapu ikiwa imefungwa blanketi. Miezi kumi na nne, basi. Hicho ndicho nilichokilinda.

Gichuru hakunitenga. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa. Wanawe walipokua walimnunulia kiploti huko Murera, akapanda miti, na kila msimu alikuja Kiuu na mfuko wa ovakado. Ploti yetu ilishajengwa upya kwa mawe, lakini mimi sikuhama. Nahamia wapi, na redio yote hii? Alikuwa akikaa kwenye kiti changu, nami kitandani, namchemshia chai. Tuliongea habari za mvua na za watoto. Kisha, kikombe kikikaribia kuisha, aliniangalia kwa lile jicho moja akauliza, kila mwaka, kwa maneno yale yale: "Na wewe karani, huna neno?" Nami kila mwaka nikajibu, "Sina, mzee. Mimi ni wa kukaa tu." Akaitikia kwa kichwa, akamaliza chai, akakung'uta kofia. Niliona ni namna yake ya kuaga. Mwaka huu alikuja akikohoa, mfuko ukabebwa na Shiru. Aliuliza tena. Nikamjibu tena.

Siku ya maziko nilirudi nikamkuta Mama Halima ameketi nje ya mlango wake, ungo magotini, akichagua mchele. Amezeeka, macho yake ni mabovu, lakini mawe anayapata kwa vidole. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo; labda ni ule mwavuli, ambao nilikuwa nimesahau kuurudisha. Nikakaa kwenye kizingiti nikamwambia yote: kitabu, mistari miwili, karatasi ya Ndegwa, chai. Nilieleza polepole jinsi mashine ilivyokuwa ikilia palipo na shaka na jinsi nilivyoizima. Hakuacha kuchagua. Nilipomaliza nikangoja anilaani, au aniambie ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Alitupa jiwe uani, akasema:

"Gichuru alijua, karani. Ile jioni Thuo alikuja kumwambia kwa ile list msimamizi alipelekea Ndegwa jina lilikuwa lake yeye Thuo, wewe ukapandisha redio, lakini mimi nilikuwa hapo nje karibu na mlango wao, nilisikia. Thuo alitaka kurudisha kazi. Gichuru akamwambia nyamaza, lea watoto, aliyekosea ni huyu jirani wangu na kile kitabu chake, na atakuja aseme mwenyewe. Sasa hizo ovakado miaka yote ulidhani ni za nini? Alikuwa anakuja kukupatia nafasi. Na wewe ukakula ovakado."